Kope ya Kuazima

Mwenyekiti mpya wa wakulima wa zabibu wa Chilanga alipokonyezwa jicho na Bibi Sechelela mbele ya mkutano mzima, alikwenda nyumbani akanyoa ndevu. Kesho yake akatuma wazee wawili na mbuzi kwenda kuulizia kama mama yule, pamoja na umri wake mkubwa, angekubali kuolewa tena. Wazee walirudi na mbuzi wao na maelezo marefu. Aliyekukonyeza, walimwambia, si yeye. Ni marehemu mumewe.

Mwenyekiti alikuwa mgeni, hakujua mambo ya mji ule. Wenyeji walikwisha kukonyezwa wote: mchungaji akiwa madhabahuni, mkaguzi wa minara ya kuvuna unyevu akiwa juu ya ngazi, hata bwana harusi mmoja aliyekuwa akila kiapo. Hakuna aliyekasirika. Mzee Ndahani alikuwa mtu wa mizaha tangu ujana wake, na kama mzaha wake ulibaki kwenye jicho la mkewe hata baada ya yeye kuzikwa, watu wa Chilanga waliona ni jambo la kucheka na kushukuru.

Aliyecheka kuliko wote ni Tulizo Kihwelo, maana kazi ile ilikuwa ya mikono yake. Tulizo alikuwa fundi wa kope katika zahanati ya macho ya Chilanga. Alikuja Ugogo kutoka Iringa akiwa msichana, akisema atakaa mwaka mmoja tu, na sasa mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia pembeni mwa kitambaa. Vumbi la Chilanga lilihakikisha hakosi kazi. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kumkanda kijana mwenye chokea, kile kijipu cha ukingo wa kope, kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamkanya asilitumbue hata likimsihi. Alikuwa amemwonyesha mama mmoja namna ya kusafisha kingo za kope zilizoota magamba. Alikuwa amemng'oa mzee mmoja, kwa kibano, nywele za kope zilizogeukia ndani na kumkwaruza jicho, akamwandikia siku ya upasuaji ili kope yenyewe igeuzwe, kwa sababu nywele zile zingeota tena tu. Mambo hayo yalikuwa ya zamani, na dawa zake za zamani, na Tulizo aliyapenda hivyo hivyo.

Mlango ukasukumwa na fimbo.

"Nimefunga mbwa wangu wote kabla ya kuondoka," sauti ikasema. "Nimesikia Mhehe mla mbwa yuko zamu."

"Na mimi nimeficha kibubu changu," Tulizo akajibu bila kugeuka. "Nimesikia Mgogo anakuja kuomba. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mtani wangu. Nipishe nikae, mifupa hii siyo ya kusimamisha mlangoni."

Bibi Sechelela akaketi. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe tangu zamani; ugonjwa wa vikope ulimgeuza kope akiwa mama kijana, na kabla hajapata wa kumtibu, nywele zilikwisha kulikwaruza mpaka likazimika. La kulia ndilo lililokuwa likimwendesha. Kope yake nayo ililegea uzeeni, ikashuka ikafunika mboni, akawa anatembea ameinua kidevu ili aone njia. Walimkaza msuli kwa upasuaji, ukalegea tena. Ndipo wakamwekea utando.

Utando wa kope ni mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Unalazwa chini ya ngozi ya kope, unajiendesha kwa joto la mwili, na kazi yake ni ile ambayo msuli umechoka kuifanya: kuinua, kushusha, kupepesa. Ila hauijui kazi hiyo mpaka ufundishwe. Kiwandani hufundishwa mwendo mmoja kwa watu wote, na mwendo huo hauna ubaya isipokuwa mmoja. Wazee wa kwanza wa Chilanga kuwekewa waliketi kanisani Jumapili, na katikati ya mahubiri kope zao zikashuka pamoja, zikapanda pamoja, benchi kwa benchi, mpaka mchungaji akasahau alikuwa kwenye mstari gani. Tangu hapo hakuna aliyeutaka tena mwendo wa kiwanda. Watu wakaanza kuazimana. Unamleta mumeo, au dada yako, au mwanao, anaketi mbele ya kioo cha kufundishia kuanzia asubuhi, anakula hapo hapo na kusinzia hapo hapo, na utando unachukua namna yake yote ya kufumba na kufumbua.

Siku aliyoketi Mzee Ndahani, watani walijaa. Desturi ya huko ni kwamba mtu akiingia katika jambo kubwa, watani wake hawamwachi peke yake. Wanamfuata, wanamkoroga, wanamchekesha mpaka hofu imtoke. Fundi mwingine angewafukuza. Tulizo, Mhehe, mtani mwenyewe, aliwaongezea viti. Mzee alicheka, na kila alipocheka alikonyeza kwa jicho la kulia, na kioo kikachukua na hilo. Toka siku ile, kicheko kikisikika karibu na Bibi Sechelela, kope yake inashuka, inangoja kidogo, inapanda.

"Linawasha," Bibi akasema sasa, akifuta tongotongo kwa ncha ya kanga. "Asubuhi nikiamka ni kama nimelalia mchanga."

"Dawa ya kupaka unapaka?"

"Napaka."

"Na ule mkanda wa kufunga kope unapolala?"

Bibi akatazama dirishani. "Ule unanibana."

Tulizo akamweka kidevu kwenye taa ya uchunguzi, akadondosha rangi ya kijani, akachungulia. Sehemu ya chini ya kioo cha jicho, kidonda kilikuwa kinang'aa. Wiki zilizopita kilikuwa mkwaruzo. Sasa kilikuwa na kina.

Alimlaza Bibi kwenye kitanda cha pembeni, akamfunika shuka, akamwambia apumzike dawa iingie. Bibi hakuhitaji kubembelezwa. Joto la mchana lilimchukua mara moja. Tulizo akavuta kigoda akaketi kichwani pake, akaangalia. Kope ikashuka taratibu, ikashuka, ikafika karibu na mwisho, ikasimama. Pakabaki ufa mwembamba, weupe wa jicho ukionekana, na upepo wa feni ukipita juu yake.

Bibi alikuwa akikoroma. Tulizo akapiga picha za jicho lile, moja baada ya nyingine.

*

"Ina maana marehemu alikuwa analala macho nusu wazi," Daktari Tungaraza akasema. Alikuwa bingwa wa mkoa, mtu mpole mwenye sauti ya chini, na alikuwa akitazama picha za jicho lile huku chai yake ikipoa. "Wako wengi wa namna hiyo, na haiwadhuru. Bibi naye haikumdhuru alipokuwa na machozi ya kutosha. Sasa macho yake yamekauka kwa uzee. Mkanda hauvumilii, na mwendo huu utamla jicho."

"Siwezi kukata kipande cha usingizi tu, Daktari?"

"Unajua huwezi. Ni kama kikapu. Ukichomoa ukindu mmoja, vyote vinaachia."

Tulizo alijua. Aliuliza kwa sababu hakutaka kusikia kinachofuata.

"Badilisha mwendo wote, wiki hii hii," Daktari akaendelea. "Weka wa kiwanda."

"Atakataa. Mimi namjua. Atasema heri apofuke."

Daktari akazungusha kijiko kwenye kikombe. "Basi usimwambie kwamba unamwondoa mzee. Mwambie unasafisha utando. Weka wa kiwanda, halafu upachike konyezo. Kicheko kikisikika, kope ishuke. Ataona, atafurahi, ataishi na jicho lake mpaka Mungu amchukue. Dada Tulizo, unamdhulumu nani hapo?"

Kilichomsumbua Tulizo ni kwamba alitafuta anayedhulumiwa hapo na hakumpata. Alirudi kwenye meza yake akachukua jicho la kujaribia, lile la mpira wanalofundishia wanafunzi, akaanza kutengeneza konyezo. La kwanza lilikuwa la haraka mno. La pili lilikuwa na adabu mno. Mzee Ndahani hakukonyeza kwa adabu hata siku moja. Akaongeza ule mngojeo wa chini, akaongeza ule mtetemo mdogo wa pembeni. Akawasha redio kwenye kipindi cha vichekesho. Watu wa redioni wakacheka, na jicho la mpira likamkonyeza.

Alikuwa Ndahani mwenyewe. Tulizo akazima redio. Alikuwa ametengeneza mzaha wa mtu aliyekufa, na hata yeye mwenyewe asingeweza kuutofautisha na ule wa kweli. Akajichorea picha ya baadaye: Bibi anakonyeza harusini, watu wanacheka, wanasema Ndahani huyo, na yeye Tulizo amekaa katikati yao anacheka pia. Mtani ana haki ya kumnyang'anya mtani wake kuku mchana kweupe, akamchinja mbele yake, akamwomba na chumvi. Lakini anamnyang'anya akiona. Hakuna utani wa kuiba gizani. Huo una jina lingine.

Alivua koti la kazi akalitundika. Akimwambia ukweli, huenda Bibi akafa kipofu. Alilijua hilo vizuri, na lilimuumiza, na bado akachukua kofia yake akatoka.

*

Alimkuta Bibi uani, amekaa kwenye mkeka, anachambua zabibu za kukausha. Nyuma ya nyumba mnara wa unyevu ulikuwa ukinguruma na kudondosha maji tone tone kwenye pipa. Tulizo akavua viatu, akaketi, akaanza kuchambua naye. Alikula mbili tatu ili Bibi apate la kusema, lakini Bibi hakusema.

"Umekuja na sura ya msibani," ndilo alilosema mwishowe. "Toa."

Tulizo akatoa yote. Akamweleza kidonda, akamweleza ufa, akamweleza kwamba mwendo ukibaki, jicho litazimika kabla ya masika. Halafu akamweleza na lile la Daktari, na jicho la mpira, na konyezo. "Ningeweza kukuwekea usijue," akasema. "Nimelijaribu, linafanana naye kabisa. Nimeshindwa."

Bibi Sechelela alikuwa ameshika kikonyo cha zabibu. Alikishika tu.

"Kwa hiyo umekuja kumzika mara ya pili."

"Nimekuja kukwambia, Bibi. Jicho ni lako. Ukisema libaki na yeye, nitakuletea dawa kila siku, na likizimika nitakushika mkono. Sitakulazimisha."

"Watu wanacheka nikipita," Bibi akasema. "Unajua? Vijana wasiomjua, watoto waliozaliwa juzi, wananifuata wananichekesha ili babu yao awakonyeze. Leo niwaambie nini?"

Tulizo aliinamia zabibu, akaendelea kuchambua.

Kuku alipita akadonoa zabibu, hakuna aliyemfukuza. Baadaye Bibi akauliza, polepole, kama mtu anayehakikisha bei: "Huo ufa. Wewe umeuona?"

"Nimeuona ulipolala pale kwangu."

"Chini, upande wa puani, umefunguka zaidi?"

Tulizo akamtazama. "Umejuaje?"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa kifua, halafu kwa mwili mzima, mpaka zabibu zikamwagika mapajani, na kope yake ikashuka, ikangoja, ikapanda. "Ndahani," akasema. "Ndahani wangu! Mimi nilidhani mmechukua kupepesa kwake tu. Kumbe mlinichukulia na usingizi wake."

Kisha kicheko kikaisha, na uso ukafungika.

"Nenda, Mhehe," akasema. "Niache nichambue zabibu zangu."

*

Tulizo alipeleka dawa kila siku, akipokelewa kwa salamu fupi. Siku ya gulio, zahanati ikiwa tupu, mlango ukasukumwa kwa fimbo. Bibi Sechelela aliingia na kuku kwapani, akamwachilia chini, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha kufundishia. Hakuketi. Akakigonga kiti kwa fimbo.

"Kaa wewe."

"Mimi?"

"Sitaki wa kiwanda, mimi si benchi la kanisa. Wanangu wote wamerithi usingizi wa baba yao, nimewachungulia. Wewe unalala umefumba?"

"Nafumba kabisa, Bibi."

"Usingizi wa aliyeshiba mali za watu. Kaa."

Kanuni za kazi hazikupenda fundi amwazime mgonjwa mwendo wake, lakini hazikukataza. Tulizo akaketi, akaweka kidevu mahali pake, akamwomba Bibi abonyeze kitufe cha kijani. Kioo kikawaka. Bibi akavuta kigoda, akakaa ubavuni, kama watani walivyokaa siku ya Mzee, na kwa muda mrefu alifanya kazi ya mtani barabara. Alimsema pua yake. Alisema sasa jicho la Kigogo litaanza kutazama mbwa wa jirani kwa tamaa. Akamlisha ugali na mlenda kwa mkono, akamlazimisha asinzie mchana kama kilivyoelekeza kioo, akamwimbia, vibaya sana. Tulizo alipoamka, Bibi alikuwa bado pale pale.

"Kimebaki kidogo," Tulizo akasema. "Usinichekeshe sana."

"Sikuchekeshi." Bibi alikuwa anatazama mikono yake. "Nikwambie kwa nini nimekuja. Tangu ananioa, Ndahani alikuwa halali vizuri. Analala jicho liko wazi. Nikimwambia, anasema nakuchunga usitoroke. Basi kila akipitiwa, nanyoosha mkono namfumba. Kwa gumba, hivi. Namwambia lala, vumbi litakuingia. Nimefanya hivyo mpaka nimezeeka. Hata tukigombana, hata kama sisemi naye, namfumba."

Tulizo alikuwa amekodoa macho mbele ya kioo. Taa ndogo pembeni ilikuwa inawaka, maana yake bado kinachukua.

"Siku aliyokufa," Bibi akaendelea, "wanawake walitaka kumfumba. Nikawaambia tokeni, hiyo ni kazi yangu. Nikamfumba, nikajua nimemaliza. Sasa wewe umekuja pale uani kuniambia yumo humu, na usiku hajafumbwa. Nimelala, nikaona haya. Mtu wangu miaka yote hii analala vumbi linamwingia, na mimi nacheka na watoto njiani. Haifai, Tulizo. Haifai kumwacha mtu macho wazi."

Ilikuwa mara ya kwanza amwite kwa jina. Tulizo alibana meno. Alitazama kioo, akatazama kona ya kioo, akajilazimisha kufikiria bei ya nyanya. Alipepesa, akapepesa tena, akapepesa na kupepesa, na hakuna tone lililoanguka. Halafu taa ndogo ikazimika, na kioo kikasema kimetosheka.

Kazi ya kubadilisha si kubwa. Mgonjwa analala, kope inatiwa ganzi, inashushwa mpaka chini kabisa na kushikiliwa hapo. Mwendo wa zamani unafutika, mpya unaingia. Tulizo aliandaa kila kitu. Alinawa, akavaa glavu, akainama, akapeleka kidole kwenye kope ya Bibi Sechelela.

"Ngoja," Bibi akasema.

Akainua mkono wake mwenyewe. Gumba lile lilikuwa na alama za zambarau za zabibu, na lilikuwa halijanawa, na Tulizo hakusema lolote kuhusu hilo. Likatua juu ya kope. Likateremka taratibu, upande wa puani kwanza, mpaka ufa wote ukafungika.

"Lala, baba," Bibi akasema. "Lala vizuri sasa."

Tulizo akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma kwa muda ule inaochukua, ikanyamaza.

Walikaa hivyo kidogo, Bibi na gumba lake jichoni, Tulizo amesimama. Kisha Bibi akaondoa mkono. Jicho likafunguka. Likatazama dari, likatazama taa, likamtazama Tulizo. Na hapo kope ikaanza kupepesa, haraka haraka, ikishuka na kupanda, ikishuka na kupanda, haitulii.

Tulizo akashtuka. "Bibi, inauma?"

"Haiumi."

"Mbona unapepesa hivyo? Unalia?"

"Mimi silii," Bibi Sechelela akasema. Akanyoosha mkono, akamfuta Tulizo shavu kwa kiganja. "Hii kope ni yako. Wewe ndiye unayelia."